Je, Herufi Zina Hatia? Mwandiko wa Kigothi kutoka Wittenberg hadi Offenbach

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa theolojia afunguapo kwa mara ya kwanza Biblia ya kale ya Kijerumani, au kitabu cha nyimbo cha karne ya 19, hukutana na kikwazo ambacho kamusi haiwezi kumwondolea. Hata kama amejifunza lugha yenyewe, macho yake hayazitambui herufi. Herufi s yafanana na f, k yaelekea kuwa t, na B kubwa na V kubwa ni kama mapacha. Herufi hizo huitwa za Kigothi. Kwa muda wa karne nne vitabu vingi vya Kijerumani vilipigwa chapa kwa herufi hizo, na kwa sababu hiyo watu wengi huzihesabu kuwa herufi za Luther na za Kanisa lake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi herufi hizo zilivyobuniwa na kutumiwa, tukimtazama hasa fundi mmoja, Rudolf Koch wa mji wa Offenbach, na herufi yake iitwayo Wilhelm Klingspor. Hiyo ni herufi ya vichwa, yaani ya kurasa za majina, matangazo na vyeti, wala haikukusudiwa kwa maandishi marefu. Hatufanyi hivyo kwa kupenda mambo ya kale tu. Herufi za Kigothi zilibeba Agano Jipya la Luther. Baadaye zikafanywa bendera ya taifa. Mwishowe zikahukumiwa kwa uongo na watawala wale wale ambao chini yao zilikuwa zimetukuzwa. Kwa hiyo swali letu ni hili: je, umbo la herufi laweza kuwa takatifu, au kuwa na hatia? Na kama haliwezi, ni nani basi achukuaye hatia hiyo?

2. Kalamu na mkeka

Herufi za Kigothi hazikuanza kwa Wajerumani peke yao. Zilitokea Ulaya ya kaskazini, hasa Ufaransa, katika karne ya 12, vyuo vilipoongezeka na vitabu kuhitajiwa kuliko zamani. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, basi waandishi wakabana herufi zao. Mwandishi alitumia kalamu ya unyoya iliyokatwa ncha pana, akaishika kwa mshazari usiobadilika. Pale ambapo mwandiko wa zamani uliviringa, yeye aligeuza kalamu ghafula, na mviringo ukavunjika kuwa vipande vilivyonyoka vyenye pembe. Jina Fraktur, ambalo ni la aina moja ya herufi hizi, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuvunja.

Aina iliyo rasmi kuliko zote huitwa Textura, na jina hilo latokana na kufuma. Nafasi nyeupe iliyo ndani ya herufi hulinganishwa na nafasi iliyo kati ya herufi na herufi, hata ukurasa mzima ukaonekana kama mkeka uliosukwa kwa ukindu mweusi na mweupe. Uzuri huo una gharama yake. Herufi i, n, m na u hujengwa kwa nguzo zile zile, na neno la Kilatini kama minimum huonekana kama ua wa miti usio na mlango. Msomaji wa zamani aliweza kulisoma kwa sababu alilizoea.

Johannes Gutenberg wa Mainz, alipokamilisha Biblia yake ya Kilatini yapata mwaka 1455, aliiga mwandiko huo wa Textura. Alitaka kitabu chake kifanane na vile vilivyoandikwa kwa mkono, na kwa ajili hiyo alitengeneza alama zipatazo 290, zikiwamo herufi zilizounganishwa na herufi zenye upana mbalimbali ili kila mstari ujae sawasawa. Njia ya kutengeneza herufi ya risasi ilibaki karibu vile vile kwa karne nyingi. Herufi huchongwa kwanza, kwa kinyume, kwenye ncha ya kipande cha chuma kigumu. Chuma hicho hugongwa juu ya kipande cha shaba, kikaacha alama yake. Kisha shaba hiyo hutiwa katika kalibu, na risasi iliyoyeyushwa pamoja na madini mengine humiminwa ndani. Hivyo mkono wa mwandishi uligeuka kuwa chuma, lakini umbo la herufi liliendelea kuikumbuka kalamu.

Huko Italia, wataalamu wa elimu mpya waliudharau mwandiko huo. Waliuita wa Kigothi, yaani wa washenzi, nao wakarudia mwandiko wa mviringo ambao walidhani ni wa Warumi wa kale. Ndizo herufi tunazozitumia sisi leo, ziitwazo za Kirumi. Tangu hapo, basi, herufi zilianza kubeba sifa na lawama za watu wao.

3. Herufi za Matengenezo ya Kanisa

Wengi hudhani kwamba Fraktur ilizaliwa pamoja na Matengenezo ya Kanisa. Sivyo. Ilibuniwa katika jumba la Kaisari Maximilian wa Kwanza, na kitabu chake cha sala, kilichopigwa chapa na Johann Schönsperger wa Augsburg mwaka 1513, kilikuwa cha Kilatini. Mwaka 1517 kilifuata kitabu kingine cha Kaisari, kiitwacho Theuerdank, chenye herufi zilizorembwa kwa mikunjo mirefu. Kwa hiyo herufi ambayo baadaye iliitwa ya Kijerumani na ya Kiprotestanti ilianza kazi yake kwa sala za Kilatini za mtawala Mkatoliki.

Agano Jipya la Luther lilipotoka Wittenberg mwezi Septemba 1522, mpiga chapa Melchior Lotter Mdogo alitumia aina nyingine, iitwayo Schwabacher. Hiyo ilikuwa nene na ya mviringo kidogo, nayo ilikuwa ya kawaida katika vitabu vya Kijerumani vya siku zile. Nakala zipatazo 3,000, zenye picha za karakana ya Lucas Cranach, ziliuzwa upesi, hata chapa ya pili ikahitajiwa mwezi Desemba mwaka ule ule. Biblia nzima ya mwaka 1534, kazi ya Hans Lufft, nayo ilitumia Schwabacher. Vitabu vya Kilatini, vilivyokusudiwa kwa wasomi, vilizidi kupigwa kwa herufi za Kirumi. Uchaguzi huo haukuwa wa imani. Ulikuwa wa huduma. Mtu wa kawaida alipewa Neno katika lugha aliyoisema na katika herufi alizozizoea.

Hata hivyo jaribu la kuzitia herufi maana ya kiroho lilikuwako mapema. Katika Biblia ya mwaka 1545 Georg Rörer, msaidizi wa Luther, alitumia herufi kubwa za aina mbili kuwaongoza wasomaji: za Kigothi zilionyesha mafungu ya neema na faraja, na za Kirumi zilionyesha mafungu ya ghadhabu na adhabu. Nia yake ilikuwa ya mwalimu, lakini tazama lilivyogawanyika jambo hilo. Herufi za nyumbani zilipewa neema, na herufi za Roma zikapewa ghadhabu. Sheria na Injili, ambazo Luther alifundisha zitofautishwe kwa Neno lenyewe, zilianza kutofautishwa kwa umbo la risasi.

Wala hatuna ruhusa ya kunyamaza juu ya jambo jingine. Mwaka 1543 Hans Lufft yule yule alipiga chapa kitabu cha Luther dhidi ya Wayahudi, kitabu cha maneno makali ambacho Walutheri wa siku zetu wamekikana kwa huzuni. Karakana iliyotoa Biblia ilitoa na matusi hayo. Risasi haikukataa.

Katika karne zilizofuata Fraktur ilichukua nafasi ya Schwabacher, na desturi ikawa imara: Kijerumani kwa herufi za Kigothi, maneno ya kigeni kwa herufi za Kirumi, hata ndani ya sentensi moja. Si Wajerumani wote waliopendezwa. Jacob Grimm alizipinga herufi za Kigothi, na kamusi kuu ya Kijerumani aliyoianza pamoja na ndugu yake Wilhelm ilianza kutoka mwaka 1852 kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1911 Bunge la Ujerumani lilijadili kama herufi za Kirumi ziwekwe kuwa za kwanza shuleni na serikalini, na hoja hiyo ikakataliwa. Kufikia wakati huo, kuzitetea herufi za Kigothi kulikuwa kumehesabiwa na wengi kuwa ni kulitetea taifa.

4. Rudolf Koch na herufi ya Wilhelm Klingspor

Rudolf Koch alizaliwa Nuremberg mwaka 1876. Baba yake, mchonga sanamu, alifariki angali Rudolf mtoto, naye kijana akajifunza kazi ya kunakshi madini. Mwaka 1906 aliingia katika kiwanda cha herufi cha ndugu wawili Klingspor huko Offenbach, karibu na Frankfurt, akakaa huko hata mwisho wa maisha yake, huku akifundisha uandishi katika chuo cha ufundi cha mji. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa askari wa kawaida wa miguu. Alikuwa Mlutheri mwenye kuishika imani yake. Aliandika sehemu za Maandiko kwa mkono na kubuni vyombo vya madini na vitambaa vya kufumwa kwa ajili ya makanisa. Toleo la Injili Nne lililotoka mwaka 1926 lilipigwa kwa herufi aliyoibuni mwenyewe.

Herufi ya Wilhelm Klingspor aliitengeneza katika miaka ya 1920, ikapewa jina la mmoja wa wale ndugu wawili, aliyefariki mwaka 1925. Ni Textura halisi: nyembamba, ndefu, nyeusi, iliyobanwa kama nguzo za kanisa kuu la zamani. Lakini Koch hakunakili kitabu cha kale. Alianza na kalamu, na kila pembe ya herufi yake yaonyesha mahali ambapo kalamu ilitua na mahali ilipoondoka. Miishoni aliacha nyuzi nyembamba sana, kama zile ambazo mwandishi huvuta kwa ncha ya kalamu kabla wino haujakauka. Ndani ya herufi kubwa alitia mistari miwili miwili, na kwa herufi ndogo aliongeza maungano kama ch, ck na tz, ambayo mpangaji wa chapa hakutakiwa kuyatenganisha.

Hapo twaona kwa nini ni herufi ya vichwa. Ikipigwa ndogo, nyuzi zile huvunjika au kuzibwa na wino. Ikipigwa kubwa, katika mstari mmoja au miwili penye nafasi nyeupe ya kutosha, inakuwa na heshima kama sauti ya kengele. Kanuni nyingine ni kwamba neno lisipigwe lote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa ya Kigothi imeumbwa isimame peke yake mbele ya wadogo zake. Zikipangwa kubwa tupu, msomaji haoni neno bali msitu.

Yatupasa kusema kweli yote kumhusu Koch. Alilipenda taifa lake sana, naye aliona katika herufi za Kijerumani ishara ya wito wa pekee wa taifa hilo. Katika jambo hilo alikuwa mtoto wa kizazi chake. Lakini kazi yake ni pana kuliko fikira hiyo. Mtu yule yule alibuni mwaka 1927 herufi za Kirumi za kisasa ziitwazo Kabel, na katika karakana yake aliwapokea vijana kwa kipawa chao. Alifariki mwezi Aprili 1934, mwaka mmoja na miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka.

5. Buti na waraka

Tangu mwaka 1933 viwanda vya herufi nchini Ujerumani vilitoa kwa haraka herufi za Kigothi za namna mpya. Mojawapo, iitwayo Tannenberg, ilionekana kwenye vitabu, matangazo na vibao vya vituo vya reli. Katika herufi hizo kalamu haionekani tena. Mikunjo imekatwa, nyuzi zimeondolewa, na kilichobaki ni nguzo nzito zilizosimama kama kikosi. Wapangaji wa chapa wenyewe walizipa jina la dhihaka: herufi za buti. Tukizilinganisha na kazi ya Koch, tofauti ni dhahiri hata kwa asiyejua Kijerumani. Ile imeandikwa, hizi zimeamrishwa.

Mwaka 1937 wachapishaji Wayahudi walikatazwa kutumia herufi za Kigothi, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa mali ya taifa la Kijerumani. Kisha tarehe 3 Januari 1941 Martin Bormann alitoa waraka, kwa agizo la Hitler, kwamba herufi za Kigothi si za Kijerumani hata kidogo. Waraka ulidai kuwa ni herufi za Kiyahudi za Schwabacher, zilizoingizwa na Wayahudi walipotwaa matbaa. Tangu sasa herufi za Kirumi ndizo zitakuwa herufi za kawaida. Hapana ushahidi wowote wa dai hilo: Schwabacher ilitoka katika karakana za Wakristo wa kusini mwa Ujerumani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba karatasi yenyewe ya waraka huo ilikuwa na kichwa cha chama kilichopigwa kwa herufi za Kigothi. Sababu yenye nguvu zaidi yafahamika kwa urahisi: watawala waliokuwa wameziteka nchi jirani walitaka amri zao zisomwe huko, na wenyeji wa nchi hizo hawakuzijua herufi za Kigothi.

Tutafakari jambo hilo kama Walutheri. Schwabacher ndiyo herufi ya Agano Jipya la Septemba 1522. Kwa waraka mmoja, herufi zilizobeba Injili kwa watu wa Ujerumani zilitupwa kwa kuitwa za Kiyahudi. Waraka ulikosea kuhusu herufi, lakini bila kujua uligusa ukweli mwingine mkubwa zaidi. Maneno yaliyokuwa ndani ya herufi hizo, maneno ya manabii na mitume, tumeyapokea kwa Wayahudi. Kanisa lililokuwa limesahau jambo hilo halikuweza kuponywa kwa kubadilisha herufi.

6. Mwanafunzi aliyehama

Miongoni mwa wanafunzi wa Koch alikuwako Berthold Wolpe, Myahudi, aliyezaliwa Offenbach mwaka 1905. Alijifunza katika karakana ya Koch, akafundisha, kisha akazuiwa kufanya kazi yake. Mwaka 1935 alihamia Uingereza. Huko alibuni herufi ya Kirumi iitwayo Albertus, ambayo hata leo husomwa kwenye vibao vya mitaa ya City of London. Pia, katika miaka hiyo hiyo ya 1930, alibuni kwa kampuni ya Monotype herufi ya Kigothi iitwayo Sachsenwald.

Basi, wakati Myahudi alipokatazwa kutumia herufi za Kigothi katika nchi yake, Myahudi huyu alikuwa akizibuni ugenini, kwa upendo na kwa ustadi aliofundishwa na Mlutheri. Na wakati waraka uliposema kwamba herufi hizo ni za Kiyahudi, mrithi mmoja wa kweli wa ufundi wake alikuwa amekwisha kupoteza nchi. Kwa maoni yetu, maisha ya Wolpe yanakanusha amri zote mbili kuliko hoja yoyote ya wanahistoria.

7. Herufi na lugha zetu

Yaweza kuulizwa, jambo hili latuhusu nini sisi? Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walisoma Biblia zao kwa herufi za Kigothi, lakini walipoziandika lugha za hapa walitumia herufi za Kirumi, kama wenzao wengi waliofuata alfabeti ya mtaalamu Richard Lepsius. Hivyo hatukurithi Fraktur. Tulirithi, hata hivyo, mazoea ya kuzihukumu herufi.

Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya misioni. J. L. Krapf, mtu wa Württemberg aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri, alipotoa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850 alieleza kwa nini alichagua herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuzuia nguvu ya Uislamu. Herufi za Kirumi zimetufaa sana, wala hatutaki kuziacha. Lakini tukumbuke kwamba kwa herufi za Kiarabu watu wa pwani walikuwa wameandika tenzi, barua na hesabu zao, na kwamba herufi hizo hizo huandika Injili kwa Wakristo Waarabu. Herufi ilihukumiwa kwa sababu ya dini ya waliokuwa wakiitumia.

8. Hitimisho

Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, katika kifungu chake cha 10, yafundisha juu ya adiafora, yaani mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Umbo la herufi ni mojawapo ya mambo hayo. Lakini kifungu hicho chaonya pia kwamba jambo la hiari likilazimishwa wakati wa kuiungama imani, haliwi tena la hiari. Kosa la mwaka 1937 na kosa la mwaka 1941 ni kosa moja: jambo la hiari lilifanywa sheria ili mtu atengwe na mtu. Aliyeitukuza herufi na aliyeilaani walikuwa wakiitafutia mahali pa Mungu.

Hata hivyo uhuru si mwisho wa neno. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu (1 Kor. 8), anakubali kwamba sanamu si kitu, kisha anauliza habari za dhamiri ya ndugu. Herufi si kitu. Lakini yuko mtu ambaye aliziona herufi za buti juu ya amri iliyomtenga baba yake, naye akiziona leo juu ya mlango wa kanisa, moyo wake hushtuka. Hatumwambii kwamba ni risasi tu. Upendo huulizwa kwanza, na herufi hufuata.

Katika makanisa yetu herufi za namna hii bado huonekana kwenye vyeti vya ubatizo, vya kipaimara na vya ndoa, na kompyuta imezifanya zipatikane kwa wote. Hatuoni sababu ya kuzikataa. Twaomba mambo mawili tu. Jina la mtoto lisipigwe lote kwa herufi kubwa za Kigothi, maana Koch alijua, na kila mpangaji wa chapa wa zamani alijua, kwamba halitasomeka. Na mchungaji akikabidhi cheti hicho, asifikiri kwamba weusi na ukale wa herufi ndio unaokipa uzito. Uzito uko katika Jina ambalo mtoto alibatizwa kwalo, na jina lake mwenyewe lililoandikwa chini yake, ambalo bibi yake aliyeketi benchi ya nyuma apaswa kuweza kulisoma.